Mdomo wa Soksi

Mtu wa Pemba akisikia habari za soksi za sufu hucheka. Lakini mtoto wa dada yangu alizaliwa kabla ya siku zake, hapa Chake Chake, wakati wa kipupwe mwezi Julai, na mtoto wa namna hiyo hupoteza joto upesi.

Nikachukua sindano. Nilianzisha vitanzi kwa njia niliyofundishwa utotoni kule Bara: kila kitanzi kipya huvutwa kutoka ndani ya kilichotangulia. Ukingo wake huwa imara, nami nilijivunia uimara huo. Kesho yake dada aliivua soksi kimya, akanionyesha pete nyekundu juu ya kifundo cha mguu wa mwanawe. Sikuwa na la kusema.

Jirani yetu, bibi msuka mikeka, asiyewahi kushika sufu, aliuvuta ule mdomo kwa vidole viwili akasema, “Mwanangu, umekaza mwanzo. Hata ukili ukiukaza pa kuanzia, mkeka haulali.”

Nikafumua yote. Safari hii niliacha mkia mrefu wa uzi, nikaanzisha vitanzi juu ya sindano mbili zilizoshikwa pamoja, kisha nikaichomoa moja. Kila kitanzi kikabaki na nafasi yake. Mdomo ukatanuka kupita kisigino, ukarejea taratibu. Ukingo wenyewe, nakiri, haupendezi sana kuutazama.

Dada alimvisha mwanawe, akangoja saa nzima, kisha akaivua atazame.