MBEGANI: NGALAWA ILIYOSOMEKA KINYUMENYUME

Msomaji wangu, ukisikia mtu anakwenda Bagamoyo wikiendi, moja kwa moja unafikiria kuogelea, samaki wa kukaanga na kupiga picha pale Mji Mkongwe. Mimi Jumamosi iliyopita nilipanda daladala Makumbusho, nikashuka Bagamoyo, nikadaka bodaboda, nikayapita magofu ya Kaole mpaka Mbegani. Nilikuwa nafuata kitu kingine kabisa: ubao!

Mbegani watu wanaijua kwa chuo cha uvuvi, FETA. Mshikaji wangu mmoja anaishi jirani na hapo. Marehemu baba yake alikuwa mvuvi. Mama yake anaanika dagaa, na kila siku anamuuliza kwa nini asiombe nafasi pale chuoni badala ya kushinda anakwangua mbao. Maana jamaa ni msanii wa chapa.

Chapa ndiyo nini? Nisikilize. Unachora kwenye ubao laini, halafu kwa patasi ndogo unachimba sehemu zote unazotaka zibaki nyeupe. Unapitisha rola yenye wino, unalaza karatasi juu, unasugua kwa mgongo wa kijiko. Ukibandua, picha hiyo! Si fotokopi, bwana. Kila karatasi imesuguliwa kwa mkono, ina namba yake kwa penseli, 1/10, 2/10, na sahihi chini.

Wala si kazi ngeni Bongo. Kanga zetu, kabla ya mashine, zilipigwa chapa kwa vibao vya kuchonga. Na Nyumba ya Sanaa ya Dar, iliyoanzishwa mwaka 1972, ilitoa mafundi kama Robino Ntila. Wao walichora kwa sindano juu ya bamba la chuma, asidi ikamalizia kazi kwa kula mistari.

Sasa siku hiyo jamaa alikuwa na oda ya chapa 10 za duka moja la zawadi mjini. Advansi alishachukua, na yote ilishaishia kwenye kodi ya chumba. Mzigo unatakiwa jioni. Ubao wenyewe ulikuwa mtamu: ngalawa imepandisha tanga, ubavuni jina SUBIRA. Akabandua karatasi ya kwanza, tukaduwaa. Jina linasomeka kinyumenyume! Alisahau kwamba chapa hugeuza kila kitu kama kioo, herufi lazima uzichonge kinyume.

Noma ya ubao ni moja: ukishachimba, hurudishii. Jamaa akakaa chini, jasho linamtoka. Mimi nikaanza kupiga hesabu za nauli, maana nilijua hapo nitakopwa.

Mama akatokea na ungo wake wa dagaa. Nikamwamkia, akaitika, akaitazama ile karatasi kwa muda mrefu. Halafu akasema: "Mwanangu, ngalawa ya baba yako haikuwa na jina. Hilo umelitoa wapi?"

Jamaa alimtazama mama yake, akainuka, akashika patasi. Alilichimba jina lote pamoja na weusi uliolizunguka. Ubavuni pakabaki mstari mmoja mweupe, utadhani jua la asubuhi limeipiga ngalawa. Ilikuwa nzuri kuliko mwanzo, na mimi si mtu wa kusifu ovyo.

Wino wake ni wa maji, unakauka upesi. Saa kumi na moja jioni chapa 10 zilikuwa zinaning'inia kwenye kamba ya nguo, tayari kwenda mjini. Ya kumi na moja, isiyo na namba, mama aliichukua mwenyewe akaingia nayo ndani. Swali la chuo halikuulizwa jioni ile. Kesho yake sijui, mimi nilishageuza Dar.

Basi ukipita Bagamoyo ukaona picha ya ngalawa, angalia chini kama kuna namba ya penseli. Ikiwepo, usimlalie msanii kwenye bei. Tukutane wiki ijayo!