STAKABADHI YENYE MUHURI

Ndugu msomaji, mimi ni afisa wa elimu ya watu wazima. Nina cheti, sina digrii. Nilizaliwa Simbo, mkoani Kigoma, na hapa ndipo ninapofundisha. Darasa letu hukutana alasiri, watu wakisha kurudi shambani. Wengi wa wanakisomo wangu ni akina mama wanaokamua mawese. Wengine ni wazee waliowahi kuvua ziwani. Na mmoja wa wanakisomo hao ni mama yangu mzazi.

Katika ukurasa huu nitaeleza jambo ambalo nililificha kwa miaka 14. Sikupenda kulieleza. Lakini nimewafundisha wenzangu namna ya kujaza fomu, nami fomu moja ikanishinda.

Kosa

Mwaka 2009 nilikuwa na umri wa miaka 19. Mimi na vijana wenzangu wawili tulikwenda Ujiji. Usiku tuliingia katika banda la mfanyabiashara mmoja, tukachukua dumu la mawese la lita 20. Sikuwa na njaa. Nyumbani tulikuwa na mihogo na dagaa. Nilitaka simu, kama ya rafiki zangu.

Asubuhi tulikamatwa tukiwa tunatafuta mnunuzi. Nilipelekwa mbele ya hakimu wa mahakama ya mwanzo. Nilikiri kosa. Nikahukumiwa kulipa faini ya shilingi 50,000, au kwenda jela miezi mitatu.

Mama aliuza mbuzi wawili, akauza na mawese yote aliyokuwa ameweka kwa ajili ya msimu. Alikwenda mahakamani kwa miguu. Hakujua kusoma. Karani alihesabu fedha, akaandika stakabadhi, akagonga muhuri, akampa. Mama akaikunja na kuifunga katika pindo la khanga. Tukarudi Simbo bila kusema neno.

Tangu siku hiyo sikuiba tena. Nilimaliza masomo, nikapata cheti, nikapata kazi. Nilipoomba kazi hakuna aliyeniuliza habari za mwaka 2009, nami sikusema. Nilidhani jambo lisilosemwa hufa.

Fomu

Sisi watu wa Kigoma tunajua habari za kuhama. Mwaka 1972 Warundi wengi waliikimbia nchi yao wakaja kwetu. Wengi wao walipelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Baadaye watu wapatao 162,000, wao na watoto wao, walikubaliwa kuwa raia wa Tanzania, na mwaka 2014 wakaanza kupewa vyeti vyao. Mwaka 1996 ilifunguliwa kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, kwa ajili ya watu waliokimbia vita ya Kongo. Kutoka kambi hiyo maelfu wamekwisha kwenda kuishi Marekani, Canada, Australia na nchi nyingine.

Mke wangu ni mmoja wa hao. Wazazi wake walitoka Kongo, ng'ambo ya ziwa. Tulijuana kabla hajaondoka. Mwaka 2017 alikwenda Canada pamoja na wazazi wake. Desemba 2021 alirudi kunitembelea, tukafunga ndoa, akaenda zake. Mwaka 2022 akajifungua mtoto wa kike. Mtoto huyo nilimwona katika simu tu. Sikuwahi kumbeba.

Basi mapema mwaka 2023 tulianza kuomba nimfuate. Nilikwenda mjini, Mwanga, katika duka lenye kompyuta. Fomu ilikuwa ndefu. Niliandika jina, tarehe ya kuzaliwa, shule na kazi. Halafu nikafika penye swali hili: je, umewahi kutiwa hatiani kwa kosa lolote, katika nchi yoyote? Pembeni palikuwa na visanduku viwili: Ndiyo, Hapana.

Nilikaa kimya mbele ya swali hilo kwa muda mrefu. Kijana mwenye duka, aliyezoea kuwajazia watu fomu, aliniuliza, "Vipi, mwalimu?" Nikamnong'oneza. Akacheka. "Weka Hapana. Hiyo ilikuwa mahakama ndogo. Madaftari yake yamekwisha kuliwa na mchwa. Nani atatoka Canada aje kupekua huku?"

Nakiri kwamba maneno yake yalinifurahisha. Lakini sikujaza. Nilimlipa fedha yake, nikarudi nyumbani.

Ukweli

Usiku ule nilimpigia simu mke wangu nikamweleza yote. Alinyamaza, hata nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Mbona hukuniambia kabla ya ndoa?" Sikuwa na jibu.

Siku mbili hakunipigia. Siku ya tatu alipiga, akasema hivi: "Baba yangu alihojiwa kambini mara nyingi. Alijibu swali lile lile leo, na mwaka uliofuata, na mwaka mwingine. Wale wanaouliza huandika jibu na kuliweka. Baadaye hulifungua tena, wakatazama kama yanafanana. Andika Ndiyo. Kama watakukataa kwa sababu ya dumu la mawese, tutajua la kufanya. Lakini wakikukataa kwa uongo, na mimi niliyekuombea nitaonekana mwongo."

Nilianza kutafuta sheria inasemaje, kwa maana kazi ya mtu anayejua kusoma ni kusoma. Nikakuta mambo haya.

Kwa sheria ya Canada, kosa lililofanyika nje hupimwa kwa sheria zao wenyewe. Kama ni kosa moja tu, na kwa sheria zao adhabu yake ya juu haifikii miaka 10 jela, na imekwisha kupita miaka 10 tangu mtu amalize adhabu, anaweza kuhesabiwa kuwa amejirekebisha. Kama imepita miaka 5 lakini haijatimia 10, anaweza kuomba ahesabiwe hivyo, lakini lazima aombe. Bali anayesema uongo katika fomu hufungiwa miaka 5.

Kila nchi ina kipimo chake. Marekani inaweza kulisamehe kosa moja dogo la wizi, ikiwa adhabu ya juu ya kosa hilo haizidi mwaka mmoja na mtu hakuhukumiwa zaidi ya miezi 6. Lakini kwao anayedanganya kwa makusudi anaweza kuzuiwa maisha yake yote, asipopata msamaha maalumu. Kwa hiyo usichukue kipimo cha nchi moja ukakitumia kwa nyingine.

Nilihesabu miaka. Kutoka 2009 hadi 2023 ni miaka 14. Nilirudi dukani nikaweka alama penye Ndiyo. Mkono ulitetemeka kama wa mwanakisomo anayeshika kalamu mara ya kwanza.

Karatasi

Nilikwenda polisi kuomba cheti cha tabia njema. Nilichukuliwa alama za vidole vyote kumi. Mwezi Septemba ikaja barua kutoka uhamiaji wa Canada. Walitaka maelezo yangu mwenyewe ya kosa, nakala ya hukumu, na uthibitisho kwamba adhabu ilikamilika. Karatasi za Kiswahili zifasiriwe na mfasiri anayekubalika.

Nilikwenda mahakamani. Karani wa sasa alikuwa mtoto mdogo mwaka ule wa 2009. Alinisaidia kwa moyo mwema. Tulifungua madaftari ya zamani siku mbili. Siku ya pili nililiona jina langu. Umri: miaka 19. Kosa: wizi. Hukumu: faini Sh. 50,000 au jela miezi mitatu. Lakini mahali pa kuandika kwamba faini imelipwa palikuwa patupu.

Ndugu msomaji, elewa maana ya mahali pale patupu. Kwa karatasi ile, mimi nilikuwa mtu aliyehukumiwa na ambaye haijulikani kama alilipa. Miaka 10 huhesabiwa tangu kumaliza adhabu. Kama kumaliza hakujulikani, basi hata kuhesabu hakujaanza.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimekata tamaa. Mama alikuwa uani akichambua chikichi. Nilimweleza. Akanawa mikono, akaingia ndani, akatoka na kopo la zamani la maziwa ya unga. Ndani yake mlikuwa na kadi yangu ya kliniki, mbegu za maboga, na karatasi iliyokunjwa mara nne.

Nilimwuliza, "Mama, ulijua kwamba itahitajika?"

Akasema, "Sikujua ilichosema, mwanangu. Nilijua bei yake. Mbuzi wawili na mawese ya msimu. Karatasi yenye muhuri haitupwi."

Mama alianza darasa langu mwaka 2019. Aliifungua karatasi ile na kuisogeza kwenye mwanga. Kwa miaka 14 alikuwa ameitunza bila kuisoma. Sasa alisoma taratibu, kidole chini ya kila neno. Alisoma jina langu. Alisoma "shilingi elfu hamsini." Kisha akafika penye neno la kosa, akasoma, "Wi-zi." Akanyamaza. Machozi yakamtoka.

Akasema, "Siku ile niliposikia neno hili mahakamani, lilipita. Leo nimelisoma mwenyewe. Kumbe likiandikwa halipiti."

Hapo ndipo nilipolia na mimi. Nilikuwa nimemfundisha mama yangu kusoma ili asome aibu yangu.

Darasa

Niliona siwezi kuendelea kulificha. Wiki ile ile nililieleza darasa. Nilisimama mbele ya ubao nikasema, "Mwalimu wenu aliwahi kuiba." Mzee mmoja mvuvi alisema, "Ujana ni moshi, ukienda haurudi." Akina mama wengine waliinamisha vichwa.

Darasa letu lina kikundi cha kuweka na kukopa. Ufunguo wa sanduku nilikuwa nao mimi. Juma lililofuata akina mama wawili walikuja nyumbani kwangu kwa adabu sana. Waliniamkia, wakauliza habari za mama, wakaongea habari za mvua. Mwishowe wakaomba ufunguo. Niliwapa. Iliniuma, lakini niliwapa.

Sasa sanduku lina kufuli tatu, na funguo tatu zinakaa kwa watu watatu. Mimi si mmoja wao. Nimefikiri sana, nikaona wamefanya vyema. Ingetupasa kufanya hivyo tangu mwanzo, hata kama mwalimu angekuwa malaika. Na hakuna hata mmoja aliyeacha darasa.

Jibu

Nilituma nakala ya hukumu, stakabadhi, tafsiri, na barua ya maelezo. Katika barua hiyo sikumlaumu mtu. Niliandika kwamba nilikuwa na miaka 19, kwamba nilichukua mali ya mtu, kwamba sikuwa na shida, na kwamba mama yangu ndiye aliyelipa.

Nilingoja miezi 10. Katika miezi hiyo mtoto wangu alitimiza miaka miwili. Nilimsikia katika simu akimwita mtu mwingine, mjomba wake, "baba", kwa sababu ndiye anayembeba. Mke wangu alimsahihisha. Mimi nilisema asimkemee.

Agosti 2024 jibu lilikuja. Walisema kwamba kosa lile halinizuii, na kwamba maombi yangu yataendelea kama ya mtu mwingine. Baadaye nilipata kibali. Nauli ndiyo iliyonichelewesha. Sasa nimekwisha kuipata, na tiketi ya treni ya Kigoma hadi Dar es Salaam imo katika kopo la mama, pamoja na stakabadhi. Yeye ndiye aliyetaka ziwekwe pamoja.

Sisemi kwamba kila anayesema kweli hukubaliwa. Wako waliosema kweli wakakataliwa, maana makosa yao yalikuwa makubwa au muda haukutosha. Ninalosema ni hili. Kosa la zamani lina mwisho, ikiwa adhabu imekamilika na karatasi ipo. Uongo wa leo huanza kuhesabiwa leo. Basi soma swali lote kabla ya kujibu. Usimwachie mwingine akujazie asichokiuliza. Na stakabadhi yenye muhuri uitunze, hata kama haikusifu.

Maneno ya kujifunza
Stakabadhi: karatasi inayoonyesha kwamba fedha zimelipwa.
Hatiani: hali ya mtu aliyeonekana na mahakama kuwa na kosa.
Mfasiri: mtu anayegeuza maandishi ya lugha moja kuwa ya lugha nyingine.
Kibali: ruhusa iliyoandikwa.

Maswali ya kujadili darasani
1. Kwa nini mahali patupu katika daftari la mahakama palimtia mwandishi wasiwasi?
2. Kijana wa dukani alimshauri nini? Je, wewe ungefanya nini?
3. Akina mama walifanya vyema kuomba ufunguo? Toeni sababu.
4. Nyumbani kwako unatunza karatasi zipi? Leta moja darasani uisome.