Barua kwa Bibi

Tangu mageuzi ya mwaka 1977, halmashauri za miji ya Uswidi zina wajibu wa kuwafundisha watoto wetu lugha ya nyumbani, na Kiswahili kimo. Nafasi binti yangu aliipata. Hamu ndiyo aliyokosa. Kila Alhamisi baada ya masomo, wenzake wakienda kucheza kwenye theluji, yeye alibaki darasani amenuna.

Mimi nililelewa kwa fimbo. Hapa fimbo imekatazwa kwa sheria, hata nyumbani, tangu 1979. Basi nikatumia ulimi: nikamwaibisha mbele ya wageni, nikamhesabia makosa. Akaacha kabisa kunijibu kwa Kiswahili.

Mwalimu wake hakumgombeza. Alimwuliza, "Yuko mtu ambaye ungependa kumwambia neno kwa Kiswahili?" Akajibu, "Bibi." Wakaanza kuandika barua ya kwenda Tanga. Makosa yalikuwa tele. Mwalimu alisahihisha yale tu aliyoulizwa.

Baadaye nilisoma habari za Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani aliyetoa kitabu *Freedom to Learn* mwaka 1969. Alifundisha kwamba mtu hujifunza vyema lile lenye maana kwake, akiwa na mwalimu anayemthamini na kumwelewa. Nikajiona nilivyokosea.

Jibu la bibi lilipofika, binti alilisoma mwenyewe, kwa sauti, mara mbili. Neno moja likamshinda, akanitazama. Kwa mara ya kwanza nilinyamaza, nikangoja aniulize.