Mwezi wa Besi

Kwaya ya kigango chetu, kule Ukerewe, ilifuata mwezi. Sauti ya nne karibu yote walikuwa wavuvi wa dagaa, na dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Giza likiingia, besi wako ziwani. Mwezi ukipevuka, taa haivuti kitu, mitumbwi inapumzika mchangani, na Jumatano jioni kanisa linanguruma. Pasaka hatukuwa na shida, maana Pasaka haiachani na mwezi mpevu. Krismasi ndiyo ilikuwa bahati nasibu.

Niliingia kwaya mwaka 1988, nina miaka 13, sauti ya pili. Mwalimu wetu alikuwa fundi cherehani. Alitangulia kufika, akaazima karabai kwa wavuvi, akaandika ubaoni: DO = G. Chini yake mistari minne ya herufi, d, r, m, f, na nukta mbili katikati ya pigo na pigo. Maneno aliyaficha. Hukuruhusiwa kutamka hata neno moja la wimbo kabla nota hazijakaa. Na ukikosea hakukusahihisha yeye. Alimwita mtu wa sauti nyingine akuimbie mstari wako. Hapo ndipo palipokuwa na aibu: mzee wa besi, shati linanuka dagaa, anaimba sauti ya pili bila kosa, nawe mwenyewe umeinama unatazama vidole vya miguu.

Mwalimu alipenda kutuambia kwamba Enoch Sontonga, mwalimu wa kwaya kule karibu na Johannesburg, alitumia herufi hizihizi za solfa mwaka 1897 kuandika wimbo ambao sauti yake tunaiimba katika Mungu Ibariki Afrika. Aliyezieneza ni John Curwen, mchungaji wa Uingereza, katika karne ya 19. Uzuri wa solfa ni umaskini wake. Haidai mistari mitano wala mtambo wa kuchapa muziki. Taipureta inatosha, na pasipo taipureta, chaki.

Ya nyuma zaidi niliyasikia tu kwa mama mkubwa, aliyeimba misa ya Kilatini asiielewe, ngoma zikiwa marufuku kanisani. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano mambo yakafunguka. Mimi nilizikuta ngoma zimeshazoea.

Halafu kikaja kinanda, kwa michango, kikaendeshwa kwa betri ya gari. Wenzangu wengi wanakilaumu kinanda kwa kila kilichoharibika. Mimi silaumu. Tulikuwa tunaanza wimbo kwenye G na kufika ubeti wa mwisho tumeshuka hata hatujui tuko wapi; kinanda kilitushika mkono tu.

Kilichotugeuza ni simu. Mwalimu wa sasa, kijana hodari kweli, anapakua nota kwenye tovuti ya Swahili Music Notes, anajirekodi sauti zote nne, kisha anatuma faili nne kwenye kundi la WhatsApp. Kila mtu anachukua yake. Anayesoma Mwanza anajifunzia bwenini, mwenye genge anajifunzia gengeni. Wavuvi nao wanasikiliza besi yao mtumbwini, chini ya taa za sola. Wimbo uliokuwa ukitulia wiki tatu sasa unatulia kwa siku nne, na mwezi hauulizwi tena. Ubao upo bado, umeegemezwa nyuma ya sakristia, umebandikwa zamu za usafi.

Krismasi iliyopita nilirudi likizo, nikaomba nikae na sauti ya pili kwa mazoezi. Kwenye wimbo wa matoleo nikapotea. Kwa mazoea ya zamani nikageuka kuwatazama besi. Kijana mmoja, mjukuu wa yule mzee wa shati la dagaa, akaona nimekwama.

"Shikamoo mama. Sauti ya pili mimi siijui," akasema, akipekua simu. "Ila ninayo hapa."

Akafuta hedifoni kwa ncha ya shati, akanipa.