Nilichakachua Gemu

Nilichakachua gemu ya mtandaoni. Nilifanya kwa makusudi. Niliocheza nao hawakujua, na nilihakikisha hawajui. Nayaandika haya kwa sababu mlango niliopitia uko wazi kwa kila kijana mwenye simu ya Android na udadisi kidogo.

Udadisi wenyewe haukuwa kosa. Nilianza na gemu ya kucheza peke yako, isiyohitaji bando. Programu kama GameGuardian kwenye simu, au Cheat Engine kwenye kompyuta, husoma namba ambazo gemu inaziweka kwenye kumbukumbu ya kifaa wakati unacheza. Una risasi 30? Unatafuta 30, zinakuja sehemu maelfu zenye namba hiyo. Unapiga risasi moja, kisha katika zilezile unatafuta 29. Zinabaki chache. Unaendelea hivyo mpaka ibaki moja, halafu unaandika 999. Siku niliyoona bunduki haiishiwi risasi nilielewa jambo ambalo hakuna somo la kompyuta lililowahi kuniingia namna ile: kwamba kila kinachoonekana kwenye kioo ni namba iliyowekwa mahali fulani, na inaweza kuguswa. Furaha ile siijutii.

Kosa lilianza nilipoipeleka programu hiyo kwenye gemu tunazocheza wengi hapa Vwawa, Tanzania, jioni, zile za watu kushuka kisiwani na kupigana mpaka abaki mmoja. Kwanza nilijaribu sarafu. Nilibadilisha namba, ikapanda kwenye kioo changu, na mara simu ilipowasiliana na seva ikarudi palepale, kwa sababu hesabu ya kweli ya sarafu inakaa kwenye seva. Ningeishia hapo ningekuwa nimejifunza bila kumdhuru mtu. Lakini nikagundua kwamba seva haishiki kila kitu. Kwa kuwa mtandao unachelewa, gemu nyingi huiachia simu ianze kukokotoa mwendo na shabaha yenyewe, na huipelekea taarifa za mahali walipo wapinzani hata kabla hujawaona, ili picha zao ziwahi kuchorwa. Namba za wapinzani walio nyuma ya ukuta zilikuwa tayari mkononi mwangu. Nikatafuta namna ya kuzionyesha, nikaipata.

Nilijua kufungiwa kupo. Kwa mfano, kampuni ya gemu ya Valve ilileta mfumo wake wa kunasa wachakachuaji, VAC, mwaka 2002, na anayenaswa nao hafunguliwi. Nilijua pia kwamba nchi yetu ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ingawa sikujishughulisha kuisoma. Nilijiambia kwamba simu ni yangu, nimeinunua kwa pesa yangu, na kumbukumbu iliyomo ndani ni yangu pia. Hoja hiyo niliishikilia kwa muda mrefu kwa sababu ilikuwa na ukweli nusu: simu ilikuwa yangu, lakini mchezo ulikuwa wa watu wengi.

Kuna kijana wa jirani, mdogo wangu kwa umri, tuliyekuwa tukicheza naye karibu kila jioni. Usiku mmoja tulipangwa timu tofauti. Alikuwa amelala nyuma ya ukuta, hajapiga risasi hata moja, nami nikamzunguka na kummaliza. Akaniuliza, "Kaka, umenionaje pale?" Nikamjibu, "Mazoezi tu, mdogo wangu." Aliniamini. Akaamua kwamba siri ni masikio, kwamba lazima nasikia hatua za watu mapema kuliko yeye.

Msimu wa kuchuma kahawa ulipofika akaenda kufanya kibarua cha kuchuma. Alipolipwa alinunua hedifoni za aina niliyokuwa nikitumia mimi, akaja nyumbani kunionyesha. Alikuwa amezitoa kwenye boksi kwa uangalifu, akaniomba nimwelekeze nilivyopanga sauti. Nilishika hedifoni zile na nikashindwa kusema. Mpaka dakika hiyo niliamini kwamba naiba namba tu, na namba hazina mwenyewe. Mbele yangu alikuwa amesimama mwenyewe. Jasho lake la shambani lilikuwa limenunua kitu kisichoweza kumsaidia hata kidogo, na aliyemtuma kukinunua ni uongo wangu wa maneno mawili.

Sikumwambia siku hiyo. Hili ndilo linaloniuma kuliko uchakachuaji wenyewe. Nilipanga sauti, nikamrudishia.

Baadaye kioo cha simu yake kilipasuka, nikamruhusu aingie kwenye akaunti yake kupitia simu yangu. Wenye gemu waliponinasa hawakufungia akaunti yangu peke yake. Walifungia kifaa, na akaunti yake iliyokuwa humo ikaenda pamoja na yangu: miaka ya kucheza, nguo na silaha alizozinunua kidogo kidogo, na jina ambalo wenzake walilifahamu.

Ndipo nikamweleza yote. Akauliza jambo moja: "Hata pale ukutani?" Nikasema ndiyo. Tuliandika maombi ya kumfungulia, nikieleza kwamba kosa ni langu. Yalikataliwa. Fedha za hedifoni nimemrudishia, naye siku hizi anacheza kwa akaunti mpya, katika timu ambayo mimi simo.

Ukiwa na udadisi kama niliokuwa nao, usiuzime. Tafuta gemu ya kucheza peke yako, au andika yako mwenyewe, uzifukue namba zake upendavyo. Ila kabla hujaingia kwenye seva wanakocheza wenzako, ifute programu ya kuchakachua kwenye simu. Na kama tayari unaitumia na kuna mtu anakuuliza umemwonaje, mwambie leo.