King'ora Kinapolia Lushoto

Utotoni kwangu Lushoto hakuna aliyenunua kengele ya hatari. Aliyeona moshi mahali pasipo jiko, au kivuli bandani kwa ng'ombe, alipiga yowe. Milima ya Usambara ilimsaidia: nyumba zetu zimekaa migongoni, mabonde yako katikati, na sauti ya upande huu husikika vizuri zaidi ng'ambo kuliko kwa jirani aliyeinamia kuni jikoni. Yowe la moto lilivutwa, likafuatiwa na jina la mahali. La mwizi lilikuwa la kukatakata, na watu walitoka nalo mbio wakiwa na panga au mchi, chochote kilichokuwa karibu. Ukilisikia, ulipaswa kulipokea kwa kupiga lako, kisha uende. Mwanamume aliyejifunika blanketi akajifanya amelala aliulizwa kesho yake mbele za watu, na swali hilo lilimkaa mwaka mzima.

Shuleni tulikuwa na kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini. Reli ya kutoka Tanga ilifika Mombo, chini ya mlima, mwaka 1905, na wazee walisema chuma chetu kilipandishwa kutoka huko. Kilitupangia vipindi mchana, lakini kikigongwa usiku kila mtu alijua kuna jambo. Kengele za makanisa zilifanya kazi hiyohiyo. Wamisheni wa Bethel walikuwa wameshafika Mlalo tangu 1891, kwa hiyo masikio ya wazee wetu yalizoea zamani kutofautisha kengele ya ibada na kengele iliyopigwa ovyo saa nane za usiku.

Miaka ya 1980 ikaja filimbi. Sungusungu, vikundi vya wanakijiji vya ulinzi, walianzia kwa Wasukuma na Wanyamwezi, habari zao zikasambaa nchi nzima, na kwetu vijana wakaanza kupangiwa zamu za doria. Sikuwapenda sana. Filimbi ilimwita mwenye zamu tu, na wengine wakajifunza kugeukia ukutani. Ninavyoona mimi, huko kulipokea yowe kulianza kufifia hapo, kabla hata ya waya wa kwanza kufika.

Nikashuka Dar es Salaam, nikasomea umeme, nikaajiriwa na kampuni ya ulinzi kufunga alamu. Fundi mkuu wetu alipenda kusimulia vifaa vile vilitoka wapi. Mwaka 1853, mchungaji mmoja wa Massachusetts, Marekani, Augustus Pope, alipata hataza ya kengele ya wezi. Dirisha likifunguliwa, umeme wa betri hupata njia na sumaku hutetemesha nyundo ya kengele. Edwin Holmes alinunua haki hizo mwaka 1857, akahamia New York kuziuza kwa watu ambao hawakuwa na hamu ya umeme ndani ya nyumba. Ujanja wake mkubwa ulikuja baadaye, alipovuta nyaya kutoka kwa wateja wengi hadi ofisi moja anamokesha mtu wa kulipwa. Mwaka 1877, kule Boston, nyaya hizo zilipitisha simu mchana, na usiku zikarudi kulinda.

Habari ya alamu ya moshi ilikuwa ya Uswisi. Walter Jaeger alikuwa akitafuta namna ya kugundua gesi ya sumu, chombo kikagoma. Inasimuliwa kwamba alipowasha sigara, sindano ikashtuka kwa moshi wake. Mwaka 1941 yeye na Ernst Meili walianzisha kampuni huko Bad Ragaz, wakaiita Cerberus, mbwa wa vichwa vitatu wa hadithi za Wagiriki. Jina hilo nililielewa mara moja. Mbwa wa kwetu ana kichwa kimoja tu, lakini hahitaji umeme wa Tanesco.

Wateja wetu waliogopa mwizi, moto hawakuufikiria. Hata baada ya Juni 1994, moto wa bweni la shule ya Shauritanga kule Rombo ulipoua wasichana zaidi ya 40, kazi nyingi zilizotujia zilikuwa za milango na madirisha ya wenye maduka. Mwaka 2009 likaungua bweni la Idodi, Iringa, wakafa wasichana 12. Tangu hapo sijaweza kulitazama dirisha la nondo kama zamani, maana nondo inayomzuia mwizi kuingia humzuia pia mtoto kutoka. Nikifunga alamu bwenini, kwanza nauliza funguo za mlango wa nyuma analala nazo nani.

Nilirudi kufanya kazi nyumbani na begi la vifaa vilivyotengenezwa China, nikiamini mlima ungevipokea. Nilifunga sensa za moshi kwenye nyumba ya wageni upande wa Magamba. Zilikuwa za mwanga: kitu kikiingia na kuutawanya mwanga ndani ya chumba chake kidogo, king'ora hulia. Ukungu wa Magamba huingia. Wadudu huingia. Wageni walitolewa nje kwa mashuka alfajiri, na mhudumu, mama mmoja mtu mzima, akaniambia, "Mwanangu, hiki chako kinaogopa hewa." Jikoni nikabadilisha, nikaweka sensa za joto. Korido zilizokaa wazi kwa ukungu nikazifungia milango. Betri nazo zina hadithi yake: umeme ukikatika mara kwa mara zinachoka mapema, na hakuna anayekumbuka kuzibadilisha mpaka paneli ianze kulia yenyewe.

Siku hizi nafunga zaidi zile zenye laini ya simu. Kikitokea kitu, kifaa kinapiga namba ulizozipanga, moja baada ya nyingine. Mwanzoni wateja wote walinipa namba za watoto wao walioko mjini. Mzee mmoja wa Soni, mwizi alipofungua stoo yake ya viazi, kifaa kilimpigia mwanawe Dar es Salaam. Mwana akampigia balozi wa nyumba kumi, balozi akatoka nje akapiga yowe, na mzee, aliyekuwa amelala hatua chache kutoka stoo, akaamshwa na yowe hilo. Viazi vilipona. Sasa mteja akinipa namba ya Dar nampangia ya mwisho, na kabla sijafunga chochote naomba anipeleke kwa jirani wa chini yake tusalimiane.