Kibao Nyuma ya Gitaa la Mjomba

Chuo kilipofungwa mwezi wa saba nilikwenda Morogoro kumjulia hali mjomba wangu. Tulipomaliza kula aliniagiza nivute sanduku jeusi lililokuwa chini ya kitanda chake. "Lichukue," alisema. "Vidole vyangu havikunjiki tena. Usiliuze, wala usilitundike ukutani kama picha ya marehemu. Lipigwe."

Ndani ya sanduku mlikuwa na gitaa la umeme, Ibanez lililotengenezwa Japani mwishoni mwa miaka ya 1980. Skrubu zilikuwa zimeshika kutu, vifundo vya sauti vilikwaruza, na nyuzi mbili hazikuwapo.

Wasomaji wa rika langu watakumbuka kwamba bendi nyingi za dansi nchini zilikuwa mali ya taasisi. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi; Mlimani Park ilizaliwa mwaka 1978 mikononi mwa shirika la usafiri na teksi; polisi na jeshi nao walikuwa na bendi zao. Vyombo vilinunuliwa na taasisi, na mwanamuziki alikuwa mwajiriwa kama waajiriwa wengine. Mjomba alipiga solo katika bendi ya shirika moja la umma ambalo sina haja ya kulitaja. Katika daftari la ajira aliandikwa "karani wa ghala". Shirika lilipovunjwa katikati ya miaka ya 1990, bendi ilikufa pamoja nalo. Kwa mishahara aliyokuwa akidai alipewa gitaa. Kuhusu mafao ya uzeeni, aliambiwa asubiri.

Hapa yanipasa kukiri jambo. Tasnifu yangu ya uzamivu ilihusu mageuzi ya mashirika ya umma. Ndani yake mna jedwali moja lenye safu ya "wafanyakazi wa ziada", na miongoni mwa niliowahesabu humo ni makarani wa ghala ambao, kwa mujibu wa nyaraka, hawakuwa na kazi inayoonekana. Nililijaza jedwali lile kwa uangalifu mkubwa. Sikujiuliza hata mara moja kama mmoja wao alikuwa akipiga gitaa kila Jumamosi.

Nililirudisha gitaa Dar es Salaam na kuanza kulifufua jioni, baada ya kusahihisha mitihani. Kutu niliitoa kwa mafuta na mswaki mkuukuu. Fundi redio wa Kariakoo alibadilisha vifundo vya sauti na kulehemu upya nyaya zilizoachia. Kazi iliyonitoa jasho ilikuwa tremolo.

Tremolo ya aina hii ilibuniwa na Mmarekani Floyd Rose, aliyepata hataza yake mwaka 1979. Nyuzi hazikufungwa kwenye mbao. Zimebanwa kwenye bamba la chuma lililoegemea misumari miwili minene kwa makali yake, mfano wa mizani ya sokoni. Upande wa mbele nyuzi sita zinalivuta bamba. Nyuma, ndani ya shimo lililochongwa mgongoni mwa gitaa, springi zinalivuta kinyume. Kwa nyuzi nyembamba za kawaida, mvuto wa jumla wa nyuzi hukaribia kilo 38. Bamba linaelea katikati ya nguvu hizo mbili. Mpigaji akiusukuma mkono wa chuma sauti hushuka, akiuvuta hupanda, akiuachia kila kitu hurudi mahali pake. Na ili nyuzi zisiteleze, hubanwa kwa skrubu huku kwenye bamba na kule mwanzoni mwa shingo.

Ubora wa chombo hiki ndio pia udhaifu wake. Ukikaza uzi mmoja uliolegea, bamba linainuka kidogo na nyuzi nyingine tano zinalegea. Ukikaza wa pili, ule wa kwanza uliokuwa sawa unaharibika. Asiye na subira atazunguka usiku kucha akisahihisha kosa la mwisho, bila kutambua kwamba kosa lenyewe limetokana na sahihisho lake. Dawa ni kugusa springi za nyuma pamoja na nyuzi za mbele, kidogo kidogo, hadi bamba likae sawasawa. Ukiwahi kubana skrubu za shingoni kabla ya hapo, unakuwa umelifungia kosa ndani. Zile skrubu ndogo za marekebisho zilizo kwenye bamba hazitaweza kuliokoa.

Jioni tatu nilizunguka hivyo, huku nikishangaa mjomba alikuwaje na uvumilivu wa kulipigia gitaa hili dansi la usiku kucha. Kisha nikakumbuka kwamba siku ya kwanza, nilipofungua kifuniko cha mgongoni, nilitoa kipande cha rula ya mbao kilichozungushiwa karatasi. Nilidhani ni uchafu. Kwa bahati sikukitupa.

Nilimpigia simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Linalia?"

"Bado. Kile kibao cha nyuma kilikuwa cha nini?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Umekitoa? Basi utakesha, mjomba. Bendi haikuwa na gitaa la akiba. Uzi ukikatika katikati ya wimbo, springi zinashinda, na zile tano zilizobaki zinapanda zote. Watu wako ukumbini wamelipa, wanacheza. Utawaambia wakusubiri? Nikaweka kibao ili bamba lisirudi nyuma. Uzi mmoja ukikatika, wengine wanabaki pale pale. Unamaliza wimbo."

Nilikikunjua kile kikaratasi kilichotumika kuongeza unene wa rula. Kilikuwa hati ya mshahara ya Juni 1994. Jina lake, namba yake ya ajira, "karani wa ghala", na chini kabisa mstari wa makato ya akiba ya uzeeni.

Kwa miaka mingi mjomba amekuwa akizungushwa kutoka meza hii hadi meza ile, akiambiwa alete ushahidi kwamba alikatwa. Kumbukumbu za shirika, wanasema, hazionekani. Hati zake nyingine ziliharibiwa na mvua. Moja tu ilisalimika, nayo alikuwa ameisahau ndani ya gitaa.

Tangu siku ile nimelitafakari upya jedwali langu. Sijageuka kuwa mtetezi wa kila shirika lililokufa. Mengi yalikuwa na hasara za kweli, na bamba lilikuwa limekwisha kupinda. Lakini tulitengeneza nchi kama mimi nilivyotengeneza gitaa katika jioni zile tatu. Tuliukaza uzi uliokuwa ukisikika vibaya, tukapiga makofi, na tukashangaa kusikia zahanati ya kiwanda, shule ya watoto wa wafanyakazi na bendi vikilegea kwa pamoja. Kisha tukabana skrubu. Swali la kibao, yaani nini kitawashikilia wengine siku uzi mmoja utakapokatika, liliachwa bila mwenyewe. Mpiga gitaa mmoja alilijibu kwa rula na karatasi, nasi wenye shahada hatukuliuliza.

Niliporudi kwenye kazi yangu nilikuwa na uchaguzi: kulirudisha gitaa lilivyotoka kiwandani, likielea, au kufuata mabadiliko ya mjomba. Nilikwenda Keko kwa seremala, akanichongea kibao cha mninga kwa kipimo cha ile rula. Nilikipachika upande wa springi na kuzikaza kidogo ili bamba liegemee hapo. Ipo gharama yake: mkono wa chuma sasa unashusha sauti tu, hauwezi kuipandisha. Nimeikubali. Uzi wa kwanza ulipokatika, wiki mbili baadaye, ile mingine mitano haikuyumba.

Hati nilitoa nakala, nikaisindikiza kwa barua. Ofisa aliyenipokea alikuwa kijana mwenye adabu. Huenda alipita darasani kwangu. Aliisoma kwa makini, akasema: "Mwalimu, huu ni ushahidi wa mwezi mmoja." Sikuwa na hasira naye. Alizungumza kama jedwali langu.

Wasomaji wangu mlio katika meza za namna hiyo, ombi langu ni dogo. Mtu aliyekatwa Juni 1994 hakuajiriwa Juni 1994. Uzitafuteni miezi mingine kwenye makabati ya serikali kabla ya kumtuma mzee akaitafute chini ya kitanda chake.

Jumapili nitakwenda Morogoro na gitaa. Faili bado lipo mezani. Mjomba ameomba nimpelekee pia ile rula, na nimeifunga ndani ya sanduku, bila karatasi yake.